Mzee Gaude na Bati Lililopigwa Mawe Kabungu

Nimesikia mmenunua tochi ya mwanga mwekundu. Nimesikia na mpango wenu: mnaenda kulala kwenye lile pagale la hapa Makanyagio, simu mmezifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli, mrekodi jini halafu mrushe mtandaoni. Rudisheni hiyo tochi dukani. Mkitoka huko njooni mkae hapa kwenye benchi langu. Mwenye simu mbovu ailete, nitaitengeneza huku naongea.

Mnaniita dada Tausi mstaafu, halafu mnacheka. Chekeni tu. Nimestaafu hata arobaini sijagusa, ndiyo. Pikipiki ilituteleza njia ya Karema, mguu huu una chuma ndani, na kazi yetu ilikuwa ya kupanda: juu ya bati, ndani ya dari, ngazi za miti zilizofungwa kwa kamba ya katani. Asiyeweza kupanda hana kazi pale. Lakini nimeifanya miaka mingi, tena pembeni ya mtu aliyeianzisha huku kwetu, na huyo mtu nyie hata jina hamlijui. Hilo ndo linanichoma. Juzi mmoja wenu kaniambia eti nyie ndo wachunguzi wa mauzauza wa kwanza Katavi nzima. Bahati yake mguu wangu haukimbizi tena.

Wa kwanza alikuwa Mzee Gaudensi. Wote tulimwita Mzee Gaude.

Nyumba ikianza vishindo, chumba kikiimba chenyewe, sufuria zikihama jikoni, watu walikuja kumwita. Hakuwa mganga. Hakupiga ramli, hakuchanja mtu chale, hakukemea pepo. Alikuwa anachunguza. Na kabla ya hapo, mnajua alifanya kazi gani? Dalali. Dalali wa ng'ombe mnadani! Sauti yake ukiwa upande wa pili wa mnada, katikati ya vumbi na ng'ombe wanaolia, unaisikia kama amesimama nyuma ya sikio lako. Watu walimuuliza, mzee, dalali na majini wapi na wapi? Akawa anawajibu, "Mimi sijui majini. Mimi najua watu wakijikusanya wanavyobadilika."

Nilivyokutana naye nilimtukana. Nawaambia ukweli. Alikuja hapa hapa kwenye kibanda asubuhi, koti kubwa, kofia ya pama, simu ya batani mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hii simu imesikia kitu. Nataka na wewe usikie."

"Simu haisikii, mzee. Inarekodi."

"Haya, sikiliza ilichorekodi."

Nikaweka sikioni. Kru, kru, kru. Kama mtu anaburuza kiti. Akaniambia eti ni nyumba ya watu fulani huko nyuma ya sokoni, kiti kinaburuzwa juu ya vichwa vyao na juu hakuna mtu. Hapo mimi nikapandwa na hasira. "Mzee, kama unatafuta wateja wa uganga umekosea kibanda! Matapeli kama nyie ndo mnawala wajane!" Nikaongeza na mengine siyasemi hapa.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Ukali wote huo asubuhi, binti. Jioni unabaki na nini?"

"Jioni nauongeza!"

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akaniomba niondoe mvumo wa upepo kwenye ile sauti. Mimi mambo ya sauti sijafundishwa na mtu, nilijifundisha kwa kufungua simu mbovu na kuunguza vidole. Nikamsafishia. Halafu nikafunga kibanda nikamfuata, nia yangu nimshike anavyotapeli nimwite mwizi mbele za watu.

Tukafika. Mimi macho darini. Yeye wala. Akakaa kwenye mkeka, akaomba chakula, akala. Alipomaliza kunawa ndo akamuuliza mwenye nyumba swali moja, kwa sauti ya chini kabisa, mtu wa sauti kubwa vile:

"Ametajwa nani?"

Yule mama akatazama chini. Akasema, "Mke mwenzangu."

Hapo, wadogo zangu, ndo niliposahau kumwita mwizi. Nyie mnafikiri kwenye nyumba ya mauzauza cha kutafuta ni jini. Kila nyumba yenye mauzauza kuna mtu ametajwa kwamba ndo mchawi. Kila moja! Bibi fulani, mke mwenza, jirani mwenye macho mekundu kwa sababu maisha yake yote kapikia kuni. Sauti inaweza kupiga mwaka mzima isiue hata kuku. Anayekufa ni yule aliyetajwa. Mzee Gaude hakuwa anatafuta kinacholia. Alikuwa anamtafuta huyo mtu, amuwahi. (Kile kiti kilikuwa panya, anaburuza magunzi ya mahindi juu ya mbao za dari. Mke mwenza yupo mpaka leo, anauza vitumbua.)

Sasa kuhusu usiku. Mzee alikuwa hafanyi kazi usiku. Mtu akimwambia "mzee njoo usiku ndo kinatoka", anajibu, "Kama hakiwezi kutoka saa nne asubuhi tukaonana, hicho hakina shida na mimi." Mnadhani ni mzaha. Usiku kila mtu anaogopa, na mtu anayeogopa anasikia cha kwake tayari. Halafu mkiwa watatu gizani na tochi kwenye kiwanja cha watu, wenye kiwanja watawaita nyie nani? Mmefikiria hilo? Mawe mtakayopigwa nyie hayatahitaji uchunguzi.

Jambo lingine. Alikuwa hasemi kamwe kwamba mtu amesikia vibaya. Mimi nilikuwa nasema! Nilikuwa nawaambia watu "mmesikia upepo nyie", na wananuna. Yeye mtu akimwambia amesikia ngoma chini ya kitanda, anaitikia, "Umesikia." Basi. "Umesikia. Ikawaje?" Na mtu akishaona hachekwi anaeleza vizuri: ngoma inapiga jua likiwa wapi, upande gani, nani alikuwepo, nani hakuwepo. Kazi nusu imeisha hapo, na hujapanda hata ngazi.

Karema ndo tulikosa jibu. Nataka mjue na hilo, msije mkadhani namtengenezea sifa. Pale ufukweni kulikuwa na chumba cha kuwekea nyavu, na mchana jua likianza kulegea kinaimba. Kweli kinaimba, nimekisikia mimi na masikio haya, kama mtu anayebembeleza mtoto na mdomo umefungwa. Wavuvi, Waislamu kwa Wakristo, hawakitumii tena, nyavu zinaozea nje. Na aliyetajwa ni mama mmoja mkaanga samaki, eti kwa sababu kabla hajafika Karema chumba kilikuwa bubu.

Mimi nikatega kinasa sauti changu, nilikitengeneza mwenyewe kwa spika za simu mbovu. Nikajifungia humo. Nikatoka mbio nashangilia: nimeinasa! Watu wakajaa. Nikafungulia. Grrrruuuu. Watu wakarudi nyuma. Mzee Gaude akainamisha sikio, akasikiliza tena, akanitazama.

"Tausi. Leo umekula?"

Sikuwa nimekula. Nilikuwa naogopa tangu asubuhi, chakula hakikupita. Lilikuwa tumbo langu. Ufukwe mzima ulicheka, watoto wakawa wananifuata wananguruma, mpaka tunaondoka. Lakini siku ile ile, wakati wanaendelea kucheka, chumba kikaimba. Na yule mama aliyetajwa alikuwa amekaa pembeni ya Mzee Gaude, anamkaangia migebuka, mikono kwenye unga, kila mtu anamwona. Mzee akasimama na sauti yake ile ya mnadani.

"Kinachoimba mimi sikijui! Nimechunguza, nimeshindwa! Ila huyu mama yuko hapa, mnamwona, na huyu samaki nimemla mimi."

Mnajua ilivyo kazi kwa mtu kusimama mbele ya umati akasema sijui? Mganga hasemi sijui. Na nyie na simu zenu hamtasema sijui, mtatunga kitu. Yeye alisema, na alivyosema vile wale wavuvi wakamwamini na lile la pili, la huyo mama. Chumba kinaimba mpaka leo, nasikia wamekizoea. Mama anakaanga samaki.

Tulivyorudi kutoka huko tulipata pancha, tukakaa kando ya barabara kusubiri kijana alete gundi, ndo akanisimulia ya popo. Zamani, anaanza anza kazi, aliitwa kwenye nyumba yenye mbawa zinazopiga ukutani. Akapanda, akaona, akashuka anapiga kelele mbele ya kijiji kizima: "Popo! Mmeogopa popo!" Watu wakamcheka mwenye nyumba. Baba mtu mzima, anachekwa na watoto. Wiki haikuisha, jiko la yule bibi aliyetajwa likaungua. Aliyechoma hakujulikana. Bibi akahama.

"Nilikuwa sahihi, Tausi," akaniambia. "Popo walikuwepo. Na yule bibi hakuwa na jiko."

Gundi ikaja, tukaziba pancha.

Sasa sikilizeni ya Kabungu, maana mzee wote mtamwona humo. Majina ya wenyeji nimebadilisha. Anayewajua afunge mdomo.

Upande wa Kabungu kuna mzee Msukuma, tumwite Luhende. Alihamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akalima, akapata, akajenga nyumba ya bati. Bati jipya, linang'aa unaliona kutoka barabarani. Maisha yake yote alikaa kwenye nyumba za nyasi. Jirani yake, ng'ambo ya shamba la muhogo, alikuwa bibi mjane, Mbende wa pale pale, Bibi Skola. Nyumba ya nyasi, kuku, bustani ya mlenda.

Nyumba ilijengwa wakati wa baridi. Kiangazi kilipokolea, mawe yakaanza. Mchana kweupe, watu wamekaa ndani wanakula: kwaa! Juu ya bati. Kwaa! Wanatoka mbio, hakuna mtu. Wanatafuta jiwe, hakuna jiwe. Mawe yanayopiga na hayaonekani, ni ya nani hayo? Mke mdogo wa Luhende akawa haingii ndani. Mtoto akapata homa, homa ya kawaida tu, lakini nani atawaambia. Wakatazama pembeni. Kwa Bibi Skola kimya. Jua lile lile, upepo ule ule, nyumba zinatazamana, kwake hakuna hata kijiwe. Wakasema: si ndo huyu? Anayerusha hajipigi mwenyewe.

Kikao kikakaliwa. Bibi akaambiwa ahame kabla mvua hazijaanza. Na vijana wakasema maneno yao pembeni, yale ambayo nyie mnayajua, kwamba akichelewa wasilaumiwe. Aliyetuita ni mjukuu wa bibi, kapanda pikipiki mpaka Makanyagio.

Tulipofika Bibi Skola alishafunga vitu vyake. Godoro limekunjwa mlangoni, sufuria kwenye kiroba, kuku wamefungwa miguu. Amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Mzee Gaude akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmekuja kunisindikiza?"

"Tumekuja na njaa."

Akatutazama kama wehu. "Kwangu? Hamjaambiwa?"

"Tumeambiwa. Una nini?"

Akafungua kiroba akatoa sufuria, huku anatikisa kichwa. Tukala ugali wa muhogo na mlenda, nje, kwenye jua, makusudi, na ng'ambo ya shamba ukoo mzima wa Luhende umesimama unatutazama kama tunakunywa sumu. Mzee akala taratibu kabisa. Akaomba na ukoko.

Ndo tukavuka kwenda kwa Luhende. Mzee akasalimia Kisukuma chake cha mnadani, "Mwadila, bhabha," akaitikiwa kwa shingo upande. Mdogo wake Luhende akasema, "Nyie mmeshalishwa kule. Mmekuja kufanya nini?"

Nilikuwa nimenyamaza vizuri mpaka hapo. Na wakati ule ule, kwaa! Juu ya bati. Wote wakaruka. Na mimi mtoto wa Makanyagio, nimezaliwa chini ya bati, nimelala chini ya bati, nikajua palepale ni nini. Bati linatanuka na jua! Bati jipya, misumari imekazwa kupita kiasi, linavuta linashindwa, linapiga. Damu ikanipanda kichwani.

"Ni bati!" nikapiga kelele. "Mnataka kumuua bibi wa watu kwa ajili ya bati? Nyie washamba gani msiojua bati?"

Yule mdogo mtu akashika fimbo. Luhende mwenyewe uso ukafunga kama mlango. Na Mzee Gaude, mnajua alifanya nini? Alinigeukia akasema kwa ukali sijawahi kumsikia, "Tausi, huna adabu! Nenda kisimani ukateke maji. Ndoo kubwa. Toka hapa!"

Niliona moto. Nilichukua ndoo kwa wake wa Luhende, nikaenda kisimani nalia kwa hasira, namtukana mzee wangu njia nzima. Nawaza, huyu anawaogopa. Jibu analo, nimempa, analificha ili aombe radhi.

Niliporudi na ndoo kichwani walikuwa wameshakaa chini wote, kwenye kivuli cha ukuta. Mzee anauliza, Luhende anajibu.

"Umesikia mawe."

"Nimesikia."

"Kwenye nyumba ya nyasi ulikokaa zamani, yalikuwa yanapiga?"

"Hapana."

"Hapa yanapiga lini sana?"

"Jua likiwa kali. Na wingu likipita." Luhende akafikiri. "Na juzi kulikuwa na manyunyu. Manyunyu kidogo tu ya kiangazi. Ilikuwa vita, ng'wanawane, vita mwanangu. Kama wamekuja mia."

"Manyunyu," akasema Mzee Gaude.

Halafu akanyamaza. Mtu wa sauti vile, dalali, alikaa kimya mpaka nikasikia inzi. Nikafungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Luhende anatazama bati. Anatazama chini. Anatazama bati tena. Mimi nimesimama na ndoo kichwani, maji yananichuruzika shingoni.

"Manyunyu," akasema Luhende peke yake. Akainuka. "We binti. Lete hiyo ndoo."

"Aaa, mzee wetu, usipande," akasema Mzee Gaude. Mnafiki mkubwa! "Nipande mimi."

"Nyumba ya nani?" Luhende akaja juu. "Nyumba yangu, napanda mwenyewe!"

Ngazi ikaletwa. Akapanda na shuka lake na sendo za matairi, tukampandishia ndoo kwa kamba. Akasimama juu pale, bati linaunguza mpaka anacheza miguu. Akamimina.

Jamani. Kwa! Kwa kwa kwa kwaa! Bati zima likaitika kutoka huku mpaka kule. Wanawake walikimbia, watoto walikimbia, yule mdogo mtu na fimbo yake alikimbia mbele ya watoto. Akabaki mtu mmoja juu, ndoo mkononi, mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka. Mzee yule alicheka mpaka tukaogopa atadondoka.

"Leteni mengine! Leteni maji! Mchawi ni mimi!"

Tukaleta. Akamimina, likapiga. Watoto wakarudi, wakataka wao wamimine. Na hapo ndo Mzee Gaude akasimama, akaweka mikono kiunoni, akaitoa ile sauti ya mnadani, wakaja mpaka watu wa mashamba ya mbali:

"Mzee Luhende amekamata! Amepanda mwenyewe, amekamata mwenyewe! Nani mwingine ana kichwa hiki? Natangaza mara ya kwanza! Mzee Luhende amegundua! Mara ya pili!"

Na Luhende juu ya bati amenyooka, kidevu juu, kama dume la mnadani lililopanda bei.

Mmeona mzee alichofanya? Nilichukua muda kukielewa, hasira zangu zilikuwa zinanizuia. Jibu langu na jibu la Luhende ni lile lile, bati. Nikilisema mimi, Luhende ni mshamba aliyeogopa bati, na atamtafuta wa kumlipia hiyo aibu, na wa kumlipia yuko ng'ambo ya shamba amekaa juu ya kinu. Akilipata yeye, Luhende ni mtu aliyegundua. Na aliyegundua hawezi kukubali mtu mwingine aseme ni uchawi, maana atakuwa anamnyang'anya ugunduzi wake. Atamlinda yule bibi kwa ajili ya jina lake mwenyewe. Mzee aliniambia njiani, "Ng'ombe mnunuzi amuone mwenyewe, Tausi. Ukimsukumia, hata akimchukua atamrudisha." Siku zote alifanya hivyo, kote tulikokwenda. Aliyetaja ndo anayepandishwa ngazi. Ndo maana hamjui jina lake! Kila nyumba aliyoisafisha ina shujaa wake, na si yeye.

Jioni ile Bibi Skola alifungua kuku miguu. Alituandalia tena, tukaingia tukala. Luhende alikuja mpaka kwenye uzio wa miba, akasimama. Bibi akamwambia karibu. Akasema ameshiba. Hakuomba radhi, aliondoka. Mimi nikaanza, "Mnaona huyu..." Mzee akanipa mnofu wa kuku nitafune.

Mzee Gaude amefariki. Aliugua kifua, akalala, akaondoka, hapa hapa Mpanda. Mazishi yake yalikuwa na watu wachache mno, majirani, ndugu kidogo, mimi na mguu wangu na gongo la kutembelea. Hakuna mtu wa Kabungu. Hakuna mtu wa ile nyumba ya nyuma ya sokoni. Nilisimama pale kaburini nahesabu wasiokuja, na kila nikimhesabu mmoja nachemka. Siku iliyofuata nikapanda bodaboda. Dereva akaniuliza, dada na mguu huo unakwenda wapi? Nikamwambia nakwenda Kabungu kutukana.

Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilikuwa naanza na Luhende: kwamba ugunduzi haukuwa wake, kwamba ndoo niliiteka mimi, kwamba aliyemwokoa asiwe muuaji amezikwa jana na yeye anafuga kitambi. Nifike kwake, nimwambie mbele ya wake zake na wajukuu.

Kwake nikaambiwa hayupo. Yuko ng'ambo, kwa Bibi Skola.

Nikavuka shamba la muhogo na gongo langu. Bibi Skola kaezeka bati. Dogo, la vyumba viwili, si jipya sana. Chini ya kivuli chake wamekaa kwenye mkeka, Bibi, Luhende, na kijana mmoja mgeni amekuja kuoa kwenye ukoo wa Luhende. Wanakula. Na Luhende, huku anamega, anamsimulia yule mkwe:

"... basi watu wote wanasema mchawi, mchawi. Mimi nikakaa chini nikafikiri. Nikasema, juzi kulikuwa na manyunyu. Si nikapanda mwenyewe! Na umri huu! Hakuna mtu aliyenisaidia, ni kichwa changu tu."

"Kweli mzee?" anasema mkwe.

"Muulize bibi huyu. Walitaka kumfukuza, wajinga. Nikawaambia atakayemgusa agombane na mimi."

Nimesimama pale, pumzi juu. Nimeshavuta hewa. Na nikauona mkono wa Luhende. Unaingia kwenye bakuli, unatoka na tonge, unachovya kwenye mlenda, unarudi. Bakuli la Bibi Skola. Chungu cha Bibi Skola. Mtu yule aliyeshindwa kuvuka uzio amekaa hapo miguu ameinyoosha kama kwa dada yake, anaongea na chakula chake mdomoni.

Bati likapiga, kwaa. Hakuna aliyeinua hata jicho.

Bibi Skola alikuwa ananitazama mimi. Alijua nimefuata nini, na alijua kwa nini nimekuja peke yangu, niliona macho yake yanamtafuta mzee nyuma yangu, halafu yakaacha kutafuta. Akasogea kwenye mkeka akanipa nafasi pale pale katikati, kati yake na Luhende. Akanimiminia maji mikononi, polepole, kama unavyomnawisha mfiwa.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Ugali unapoa."

Nikafunga mdomo. Nikakaa, nikala.